Vijiji vya Rika na Madarasa: Dhima ya Mwanafunzi katika Uwanda wa Kyela

Kabla ya shule ya kwanza kufunguliwa katika nchi ya Wanyakyusa, vijana wa uwanda wa Ziwa Nyasa walikuwa tayari wanalelewa katika utaratibu uliowapa nyumba zao wenyewe, viongozi wao wenyewe na wajibu wa kutunzana. Utaratibu huo ni vijiji vya rika. Wachunguzi wa mila za mataifa wameandika kuwa ni nadra sana duniani kukuta watu wanaoishi hivyo, yaani vijiji vilivyojengwa juu ya umri wa wakaaji wake badala ya ukoo. Kwa hiyo yeyote anayetaka kueleza jinsi wanafunzi wa Ngonga na maeneo ya jirani walivyojifunza kubeba dhima hana budi kuanzia huko, miaka mingi kabla ya kengele ya shule.

Habari nyingi za vijiji hivyo zilihifadhiwa na Godfrey na Monica Wilson, mume na mke, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaendelea na kazi ya kuyaandika waliyoyakusanya. Kitabu chake kuhusu vijiji vya rika kilitoka mwaka 1951 kwa jina la *Good Company*, na jina hilo halikuokotwa hivi hivi. Lilikuwa jaribio la kutafsiri neno la Kinyakyusa ambalo wazee wa Kyela bado wanalijua vema, *ukwangala*: kukaa pamoja kwa furaha, kuzungumza, kula na kunywa na wenzako, na kupata adabu na hekima katika kukaa huko.

Mambo yalikwenda hivi. Mtoto wa kiume wa miaka sita au saba alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake pamoja na watoto wa jirani. Huko malishoni walikuwa tayari na kiongozi wao, na mara nyingi uongozi huo ulipatikana kwa nguvu za mwili. Hakuna sababu ya kulipamba jambo hilo. Alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliacha uchungaji, akaanza kulima shamba la baba yake, na papo hapo akaacha kulala nyumbani. Yeye na wenzake walijenga vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao. Vibanda vya kwanza vilikuwa vidogo na dhaifu, kazi ya mikono ya watoto. Kadiri walivyokua walijenga vilivyo bora zaidi, hata ikawa kijiji kamili. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita katika nchi hii mwaka 1879, alivutiwa mno na usafi wa vijiji alivyovikuta katikati ya migomba. Baadhi ya nyumba hizo bila shaka zilijengwa na watu waliojifunza ujenzi wakiwa na umri wa mtoto wa darasa la tano wa leo.

Wadogo waliendelea kupokelewa mpaka wale wa kwanza walipokuwa vijana wa miaka kumi na sita au zaidi. Hapo mlango ulifungwa, na wadogo waliobaki wakaambiwa wakaanzishe kijiji chao. Wenye kijiji waliendelea kuishi pamoja maisha yao yote. Walioa wakiwa na umri wa miaka ishirini na mitano hivi, wakaleta wake zao pale pale, wakazeeka pale pale na wenzao.

Chakula ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Mvulana aliyehama nyumbani hakuacha kula kwa mama yake, lakini hakwenda peke yake. Alikwenda na rafiki zake. Leo walikula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama alijivunia kuona kundi la vijana likifika mlangoni pake, na mtoto aliyezoea kula peke yake kwa siri alionwa kuwa mtu asiyefaa. Hivyo kijana hakuwa huru kabisa, wala hakuwa chini ya baba yake kabisa. Alilima shamba la baba, alikula cha mama, na jioni alirudi kwa wenzake, ambao ndio waliomsahihisha alipokosea. Mchoyo, mgomvi na mwongo walihukumiwa na rika. Wadogo walitumwa kuni na maji na wakubwa, na pengine walionewa. Lakini kila mmoja alijua kwamba zamu yake ya kuwa mkubwa ingefika.

Wanyakyusa wenyewe walitoa sababu mbili za desturi hiyo. Ya kwanza ni hii ya *ukwangala*. Ya pili ilihusu heshima: haikufaa kijana anayebalehe alale karibu na wazazi wake, na baadaye mke wa kijana hakuruhusiwa kukutana na baba mkwe wake. Vijiji vya mbalimbali vilirahisisha kujitenga huko.

Kilele cha utaratibu huu kilikuwa *ubusoka*, sherehe kubwa iliyofanyika mara moja katika kila kizazi, ambapo baba waliwakabidhi wana wao utawala wa nchi. Wakati huo wana walikuwa watu wazima wa zaidi ya miaka thelathini. Ardhi iligawanywa upya, wakuu wa vijiji walioitwa *amafumu* waliteuliwa rasmi, na wazee wakasogea kando. Fikiri maana yake kwa elimu: mtoto aliyejenga kibanda cha matete akiwa na miaka kumi alijua kwamba kundi hilo hilo la wenzake ndilo litakalokabidhiwa nchi siku moja. Mazoezi yale hayakuwa mchezo.

Hata hivyo kulikuwa na upande wa pili, na Monica Wilson, akiwa mwanamke, aliuona. Wasichana hawakuwa na vijiji vyao. Msichana aliposwa angali mdogo, na alipovunja ungo alikwenda katika kijiji cha mume wake, ambaye mara nyingi alikuwa mtu aliyemzidi miaka mingi. Mama yake ndiye aliyepika chakula kilicholisha kundi la kaka zake na rafiki zao. Jumuiya ile ya wavulana ilisimama juu ya kazi ya wanawake ambao hawakuwa wanachama wake. Katika kitabu chake cha mwisho kuhusu Wanyakyusa, kilichotoka mwaka 1977, Monica Wilson alilirudia jambo hilo kwa mkazo, akionyesha jinsi uhusiano kati ya wanaume na wanawake, na kati ya wazee na vijana, ulivyobadilika kwa muda wa karibu karne nzima.

Wamisionari walifika wakati utaratibu huu ukiwa bado na nguvu. Mwaka 1891 Wamoraviani walianza kazi Rungwe, na mwaka huo huo msafara wa Misioni ya Berlin ukiongozwa na Alexander Merensky ulifika kwa njia ya Ziwa Nyasa. Watu wa Berlin walifungua vituo kadhaa katika miaka michache, kikiwamo Manow mwaka 1892 na Ikombe, pwani ya ziwa, mwaka 1893. Wajerumani waliwaita watu wa hapa Wakonde, na jina hilo limebaki mpaka leo katika jina la Dayosisi ya Konde.

Shule zilifuatana na vituo. Zilikuwa shule za kusoma, kuandika, kuhesabu, kuimba na mafundisho ya dini, kwa lugha ya wenyeji. Lakini kituo cha misheni kilileta pia aina mpya ya jumuiya. Wakristo wengi walihamia karibu na kanisa, na katika makazi hayo baba na mwana waliishi kijiji kimoja, jambo ambalo mila ilikuwa imelikataa. Katika ibada walikaa chini ya paa moja watu waliotakiwa kuepukana. Na darasani, pengine kwa mara ya kwanza katika nchi hii, wasichana walipata nafasi ya kuitwa wanafunzi pamoja na wavulana, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo na wengi waliachishwa mapema ili waolewe.

Je, shule zile ziliwapa wanafunzi dhima? Ziliwapa kazi, hilo ni hakika. Katika misheni nyingi za wakati huo wanafunzi wa bweni walilima, walibeba matofali, walisafisha viwanja. Amri ilitoka kwa mmisionari, ratiba ilikuwa yake, na adhabu ilikuwa yake. Kwa kijana aliyezoea kijiji ambamo wenzake ndio waliomhukumu, hili lilikuwa jambo geni. Utii ulichukua nafasi ya *ukwangala*.

Mtihani wa kweli ulikuja bila kupangwa na mtu yeyote. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka kusini na kuiteka nchi hii. Wamisionari Wajerumani waliondolewa na kuwekwa kizuizini. Waliporudi katikati ya miaka ya 1920, karibu miaka kumi ilikuwa imepita. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, kutoka upande wa pili wa mpaka, walisaidia kwa usimamizi, lakini walikuwa wachache na walikuwa na kazi yao kubwa kwao. Waliofundisha, walioongoza ibada, waliotunza majengo na kuamua ugomvi wa siku kwa siku walikuwa walimu na wainjilisti wenyeji, yaani wanafunzi wa jana. Mwaka 1940 hali ilijirudia, Wajerumani wakaondolewa tena kwa sababu ya vita vya pili, na Walutheri wa Marekani na Uswidi wakaja kusaidia Kusini mwa Tanganyika. Mara zote mbili kazi haikufa. Ni vigumu kuamini kwamba watu wale walijifunza uongozi wao wote katika darasa la katekisimu. Wengi wao walizaliwa katika vijiji vya rika, na walijua tangu utotoni namna kundi la watu walio sawa linavyoweza kujitawala.

Serikali ya Kiingereza nayo ilianza kufikiri juu ya jambo hilo. Tume ya Phelps-Stokes ilitembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, na ikashauri kwamba elimu iambatane na maisha ya watu. Jaribio mashuhuri la ushauri huo lilifanyika Malangali, katika nyanda za juu za Iringa, ambako shule ya serikali ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya W. B. Mumford. Yeye alitaka shule ifanane na jamii iliyowazunguka wanafunzi: majengo ya mtindo wa wenyeji, wazee waliowafundisha vijana mila na ngoma, kilimo na ufugaji kama sehemu ya masomo. Nia ilikuwa njema, na Malangali ilijadiliwa mpaka Ulaya. Lakini jaribio halikudumu baada ya Mumford kuondoka mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wazazi hawakuwapeleka watoto wao mwendo mrefu ili wakafundishwe mambo ya nyumbani. Walitaka kusoma, kuhesabu na kazi ya mshahara. Tena kulikuwa na kasoro ya ndani zaidi. Mila ya Malangali iliteuliwa na ofisa. Vijana wa uwanda wa Kyela hawakupewa vibanda vyao na ofisa yeyote.

Wakati Wilson na mkewe wanaandika, vijiji vya rika vyenyewe vilikuwa vimeanza kulegea. Vijana walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, wengine mashimo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine hadi migodi ya Afrika Kusini, na fedha walizorudi nazo ziliwaweka huru dhidi ya baba na rika pia. Milimani kahawa ilimfunga mtu na kipande chake cha ardhi. Uwandani mpunga ulifanya vivyo hivyo. Mtu mwenye shamba la kudumu hakutaka ligawanywe upya kwa ajili ya *ubusoka*. Hakuna aliyevipiga marufuku vijiji vya rika. Vilikosa ardhi ya kusogelea.

Uhuru ulipokuja, wazo la shule kama jumuiya lilirudi kwa sauti kubwa. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alisema shule iwe jumuiya ya kiuchumi na ya kijamii pia, yenye shamba lake, na wanafunzi waishi kwa sehemu kutokana na jasho lao. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba alisisitiza wanafunzi washiriki katika maamuzi: wajue mapato na gharama za shamba, wajadili nini kilimwe na faida itumikeje. Bila hivyo, alionya, kazi haitakuwa elimu.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 shule za msingi za madhehebu zilichukuliwa na serikali, na mwaka 1977 taifa likaanza kutekeleza elimu ya msingi kwa wote. Watoto walijaa madarasani kuliko wakati wowote uliotangulia. Mafanikio hayo ni makubwa na hayapaswi kudharauliwa. Lakini shamba la shule, katika sehemu nyingi za nchi, liligeuka kuwa mahali pa adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa alipelekwa kulima. Mavuno yalihesabiwa na watu wazima, na mara nyingi wanafunzi hawakujua yalikwenda wapi. Katika uwanda wa Kyela, ambako mvua ni nyingi, ardhi ina rutuba, mpunga na ndizi hustawi na kakao imeingia katika mashamba ya watu, shamba la shule lingeweza kuwa darasa zuri la hesabu na la haki. Lilihitaji kitu kimoja tu ambacho jembe haliwezi kukileta, yaani walimu walio tayari kuweka daftari la mapato mbele ya wanafunzi.

Ndipo likaja swali la waliobaki nje. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianzisha Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, maarufu kama MEMKWA, kwa watoto na vijana waliopitwa na umri wa kuandikishwa au walioacha njiani. Madarasa yake yalikuwa na mwenendo tofauti: wanafunzi wa umri mbalimbali pamoja, muda wa masomo uliopangwa kwa kuangalia kazi za nyumbani, na kamati za kijiji zilizohusika katika uendeshaji. Lakini MEMKWA ilihusu elimu ya msingi. Msichana aliyepata mimba akiwa sekondari alikuwa nje ya milango yote. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kufukuzwa kwake, na kauli ya Rais John Magufuli ya Juni 2017 ililifunga jambo hilo waziwazi.

Mabadiliko yalifika tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Sambamba na hilo ilikuwapo njia mbadala ya sekondari, inayoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima chini ya mradi wa SEQUIP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola za Marekani milioni 500 mwezi Machi 2020. Katika njia hiyo masomo ya kidato cha kwanza na cha pili hufupishwa, mwanafunzi hufanya Mtihani wa Maarifa, kisha huendelea kuelekea mtihani wa kidato cha nne. Baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa miaka ya 1970 kwa mfano wa vyuo vya Uswidi, navyo vimepokea wasichana wa namna hiyo na kuweka mahali pa kulea watoto wao wakati mama wakiwa darasani.

Darasa la namna hiyo lina mambo ambayo mzee aliyekulia katika kijiji cha rika angeyatambua haraka. Wanafunzi wake wana dhima tayari kabla hawajaingia. Wana mtoto, wana shamba la mpunga, wengine wana biashara ndogo sokoni. Mwalimu hawezi kuwatawala kama watoto wa darasa la pili. Anayekosa kipindi kwa sababu mtoto ana homa hutegemea wenzake wamsomee daftari, na wenzake humsomea, kwa kuwa wiki ijayo zamu itakuwa yao.

Tofauti ni kwamba safari hii wanaokaa katika kundi ni wale wale ambao kundi la zamani liliwaacha nje. Mzigo wa kuwalisha bado uko mahali pale pale. Msichana wa Ngonga anayetoka alfajiri kwenda darasani humwacha mtoto kwa mama yake, na mama huyo, ambaye pengine mwenyewe aliacha shule ili aolewe, hubaki na mjukuu mgongoni, akipalilia mpunga ambao sehemu yake italipia daftari na nauli.